MLEZI, YATIMA NA HUKUMU: Tatizo la Istilahi katika Kufundisha Sera ya Ustawi wa Mtoto, kwa Mfano wa Migwani

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa kazi za ustawi wa jamii nchini Kenya husomeshwa kwa lugha moja na kufanya kazi kwa lugha nyingine mbili. Darasani husoma sera na sheria kwa Kiingereza, na ripoti zake huziandika kwa Kiingereza. Akifika katika ofisi ya chifu au katika baraza hulazimika kutumia Kiswahili. Na akifika uani kwa watu katika sehemu kama Migwani, iliyo kati ya mji wa Kitui na mji wa Mwingi, habari za mtoto husimuliwa kwa Kikamba. Maneno ya bibi mzee aliyeketi chini ya mwembe hupita katika lugha tatu kabla ya kuingia katika faili, na ni faili, wala si bibi, linalosomwa na hakimu na mgawaji wa misaada.

Kwa muda mrefu tatizo hili limehesabiwa kuwa ni la tafsiri tu, yaani la kutafuta neno linalolingana na jingine. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba tatizo ni pana zaidi. Baadhi ya istilahi za sera ya mtoto, zinapotiwa katika Kiswahili, hubeba maana iliyo pana au finyu kuliko ile iliyokusudiwa na mtunga sheria. Na tofauti hiyo huweza kumpa mtoto haki au kumnyima. Kwa hiyo ufundishaji wa sera ya mtoto hauwezi kutengwa na ufundishaji wa lugha. Yatachunguzwa maneno manne: yatima, mlezi, baba na hukumu. Kisha yatatolewa mapendekezo machache kuhusu darasa.

2. Sheria na lugha yake

Hapana budi kwanza kueleza kwa ufupi misingi ya sheria yenyewe. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2000. Mikataba hiyo ilitiwa katika sheria ya nchi kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyochukua mahali pa sheria tatu za awali: ile ya watoto na vijana (Sura ya 141), ile ya kuasili watoto (Sura ya 143) na ile ya ulezi wa watoto wachanga (Sura ya 144). Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, iliweka wazi kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya 2001 nayo iliondolewa na Sheria ya Watoto Na. 29 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Julai 2022.

Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo Sheria ya Watoto ilitungwa kwa Kiingereza, na husomeshwa kwa Kiingereza. Upande wa Tanzania historia ni tofauti kidogo. Huko Sera ya Maendeleo ya Mtoto ya mwaka 1996, na toleo lake la 2008, ziliwafikia watu kwa Kiswahili; na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ndiyo sababu istilahi nyingi anazozitumia ofisa wa Kenya leo, kama vile ustawi wa jamii, zimekomaa upande wa Tanzania, na yeye huzipokea zikiwa tayari. Kuazima huko si kosa. Lakini neno lililoazimwa huja na mazoea ya mahali lilikotoka, na mwanafunzi asipoyajua atadhani kuwa amekwisha kulielewa.

Neno ustawi lenyewe ni mfano mwema. Kiini chake ni kitenzi kustawi, kinachotumiwa kwanza kwa mimea: mahindi yamestawi, mtama haukustawi. Mkulima wa Migwani, ambaye hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, analielewa neno hili bila kufafanuliwa. Anajua pia kwamba mmea haustawi kwa amri. Hustawi ukipata maji, udongo na palizi. Hapa Kiswahili kimeipita istilahi ya Kiingereza, ambayo kwa wengi imekuwa na maana ya sadaka tu. Si kila neno, lakini, lina bahati hiyo.

3. Maneno manne

3.1 Yatima

Katika Kiswahili cha mwambao, kilichopokea neno hili kutoka Kiarabu pamoja na fikira za sheria ya Kiislamu, yatima kwa asili ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika Kiswahili cha bara neno limepanuka na kuelekea maana ya mtoto asiye na mtu. Katika lugha ya sera, yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Maana hizi tatu hazilingani, na kila moja huhesabu watoto tofauti.

Uchukuliwe mfano wa kubuni, lakini unaofanana na mengi yanayotokea. Ofisa kijana anaandikisha watoto wanaostahili kusaidiwa. Anamkuta bibi mwenye wajukuu watatu, ambao mama yao amefariki na baba yao alikwenda Mombasa kutafuta kazi.

"Shikamoo, nyanya. Je, watoto hawa ni yatima?"

"La, mwanangu. Yatima kwa nini, nami nipo?"

Ofisa anaandika kwamba watoto si yatima, anaaga, anakwenda zake. Bibi hakusema uongo. Alijibu swali alilolisikia, nalo kwake lilikuwa swali la heshima: je, watoto hawa wametupwa? Kukubali kwamba ni yatima kungekuwa kukana nafsi yake, ukoo na kijiji. Maana katika mpango wa Wakamba mtoto ni wa "musyi", yaani wa nyumba, na nyumba ni ya "mbai", yaani ukoo. Lakini jibu hilo, likiisha kutiwa katika orodha, laweza kuwaondolea watoto fedha za mpango wa serikali wa kusaidia kaya zenye yatima, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004. Kosa halikuwa la bibi wala la sheria. Lilikuwa la swali.

Watunga sera waliuona upungufu wa neno yatima, wakaongeza fungu la maneno: watoto walio katika mazingira magumu. Fungu hili limeenea, nalo lafaa katika miji mingi. Katika Migwani, hata hivyo, mazingira ni neno analolisikia mwanakijiji katika mikutano juu ya miti, mmomonyoko wa udongo na ukame. Akiulizwa kama watoto wake wako katika mazingira magumu hutazama mto uliokauka na kujibu kwamba wote wako humo. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimpi ofisa njia ya kumtambua mtoto mmoja anayehitaji msaada kuliko mwenzake. Heri kuuliza mambo yenyewe: mama yuko hai? baba yuko wapi, na mara ya mwisho alileta kitu lini? nani hupika? nani analala na watoto? nani alikwenda shuleni mwalimu alipomwita mzazi?

3.2 Mlezi

Neno mlezi latokana na kitenzi kulea, na methali isemayo kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo yaonyesha uzito wake. Kwa bahati mbaya neno hili moja limetwishwa kazi nyingi mno. Katika maandishi ya siku hizi mlezi ni nyanya anayekaa na wajukuu; ni mtu aliyetajwa katika wasia au kuteuliwa na mahakama ashike wajibu wa mzazi aliyefariki; ni mtu asiye jamaa aliyekabidhiwa mtoto kwa muda kwa utaratibu wa serikali; ni mfanyakazi wa makao ya watoto; tena ni mwalimu anayesimamia chama cha wanafunzi. Sheria inawatenga watu hawa, kwa kuwa wajibu na mamlaka yao si sawa. Wa kwanza hulea kwa damu na mazoea. Wa pili ana mamlaka ya kisheria juu ya mtoto na pengine juu ya mali yake. Wa tatu anamlea mtoto chini ya uangalizi, na mtoto huweza kurudishwa.

Tofauti hii si ya wanasheria tu. Ofisa akimwambia bibi, "Wewe ndiwe mlezi wao," bibi hufahamu kwamba serikali imekwisha kumtambua. Siku shamba la marehemu litakapogombaniwa ndipo atakapoambiwa kwamba hana karatasi. Mwanafunzi yapasa afundishwe kutotumia neno mlezi peke yake katika ripoti. Yafaa liambatane na sifa inayolifafanua: mlezi wa jamaa, mlezi aliyeteuliwa na mahakama, mlezi wa wasia, mlezi wa muda. Kiswahili kinaruhusu ufafanuzi huo bila taabu, kwa kiambishi cha a-unganifu na kwa vishazi virejeshi, na hakuna haja ya kubuni neno jipya kwa kila dhana.

Karibu na mlezi kuna kitenzi kuasili, ambacho kimekuwa istilahi ya kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria. Neno limejengwa juu ya nomino asili, na wazo lake ni kwamba mtoto hupewa asili mpya. Wazo hilo ndilo linaloleta shaka kwa watu wa aina mbili. Waislamu wa mwambao hulikataa, maana sheria yao haimruhusu mtoto aondolewe nasaba ya baba aliyemzaa. Kwa ajili hiyo Sheria ya 2022 imeitaja pia kafala, ambayo ni malezi yasiyobadili nasaba. Wazee wa Ukambani nao huuliza asili ya zamani imekwenda wapi. Zaidi ya hayo, katika Kikamba neno "asili" lipo tayari, nalo ni wingi wa "musili", yaani mwamuzi. Msikilizaji asiyekizoea Kiswahili cha mahakamani huweza kusikia jambo la waamuzi mahali palipokusudiwa jambo la uzazi. Mwalimu anayefundisha neno hili bila kutaja matatizo hayo amefundisha nusu yake.

3.3 Baba

Laonekana kuwa neno jepesi kuliko yote, lakini katika fomu za ofisi ndilo linalokwamisha. Wakamba wana desturi ya kale inayojulikana kwa neno "iweto". Mwanamke asiyejaliwa mtoto, aghalabu mjane, huweza kumwoa mwanamke mwingine kwa kumtolea mali kama kawaida ya ndoa. Watoto atakaowazaa huyo aliyeolewa huhesabiwa kuwa ni wa nyumba ya mwoaji na ya mumewe, hata kama mume alikwisha kufa zamani. Mwanamume aliyewazaa hahesabiwi kuwa baba. Mtoto wa nyumba hiyo hukosi jina, wala ukoo, wala shamba. Anachokosa ni jibu la mstari mmoja katika fomu: jina la baba.

Sheria za nchi zimelikabili jambo hili kutoka pande mbalimbali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitaja ndoa kuwa ni kati ya mwanamume na mwanamke. Lakini mwaka 2011 Mahakama Kuu iliyokaa Mombasa, katika shauri la mirathi lililohusu desturi kama hiyo miongoni mwa Wanandi, ilimtambua mwanamke aliyeolewa pamoja na wanawe kuwa warithi. Kwa upande mwingine Ibara ya 53 ya Katiba inasema kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Na mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona kwamba kifungu cha 12 cha Sheria ya Kuandikisha Vizazi na Vifo, kilichozuia jina la baba asiyemwoa mama kuandikwa kwa urahisi katika cheti, kilipingana na Katiba.

Uamuzi huo wa 2016 ulikuwa wa haki kwa watoto wengi waliokuwa na alama ya dharau katika vyeti vyao. Katika nyumba ya "iweto", hata hivyo, mwanafunzi aliyeufahamu kwa juu juu huweza kuleta fujo. Akishikilia kutafuta mwanamume aliyezaa, atakuwa ametafuta mtu ambaye nyumba ile haimhesabu; na huenda akampa jamaa mwenye tamaa ya shamba hoja ya kusema kwamba mtoto si wa ukoo. Akiacha kabisa kuuliza, huenda akamnyima mtoto matunzo anayostahili. Yapasa atenganishe kwa maneno mambo matatu ambayo Kiswahili huyafumba katika neno moja: baba mzazi, baba wa ukoo, na mwenye wajibu wa matunzo. Tena Kiswahili kimezoea kugawanya baba, kwa kuwa kina baba mkubwa, baba mdogo na baba wa kambo. Mbinu ipo katika lugha. Ni fomu iliyoisahau.

3.4 Hukumu

Sheria ya 2001, katika kifungu chake cha 189, iliagiza kwamba maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutiwa hatiani na ya kupewa adhabu yasitumiwe juu ya mtoto anayeshughulikiwa na Mahakama ya Watoto. Hapa sheria iligeuka kuwa mwalimu wa lugha. Ilitambua kwamba jina humfuata mtoto hadi nyumbani, na kwamba aliyekwisha kuitwa mfungwa atatendewa kama mfungwa. Ikaagiza mahakama iseme kwamba mtoto ameonekana na kosa, na kwamba imetoa amri juu yake.

Tatizo ni kwamba mahakama nyingi za wilayani humweleza mtoto na jamaa zake mambo hayo kwa Kiswahili au kwa Kikamba, kupitia kwa mkalimani. Na Kiswahili cha kila siku kina neno hukumu, linalofanya kazi zote kwa pamoja: uamuzi, kutiwa hatiani, na adhabu. Hakimu husema kwa uangalifu kwamba ametoa amri, mkalimani husema, "Amehukumiwa." Kwa neno hilo moja kusudi la sheria limevunjwa mbele ya watu wote, na hakuna aliyegutuka. Jirani waliokuwa barazani hurudi Migwani na habari kwamba mtoto wa fulani amehukumiwa.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu Sheria ya 2022 ilipopandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Mtoto wa miaka 11 hawezi tena kushtakiwa, lakini waweza kumsikia akiitwa mwizi, mhalifu au chokoraa. Neno la mwisho latokana na kuchokora, yaani kupekua kwa kijiti, na humtaja mtoto kwa kitendo chake jalalani. Mwanafunzi asifundishwe maneno ya heshima kama adabu za mezani. Yafaa aelezwe kwamba maneno hayo ni sehemu ya utekelezaji wa sheria.

4. Mapendekezo juu ya ufundishaji

Kutokana na uchunguzi huu yafaa mambo manne yazingatiwe na idara zinazofundisha sera ya mtoto, kwa ushirikiano na idara za lugha.

Kwanza, kila istilahi ya msingi ifundishwe kwa safu tatu: maana yake katika sheria, neno au maneno yanayotumiwa katika Kiswahili, na jinsi jambo hilo linavyosemwa katika lugha ya mahali mwanafunzi atakapofanyia mazoezi. Safu ya tatu isijazwe na mwalimu. Ijazwe na mwanafunzi baada ya kuwasikiliza wenyeji. Pale ambapo safu hazilingani ndipo pa kuanzia mjadala.

Pili, tafsiri ijaribiwe kwa kurudishwa. Mwanafunzi mmoja atie swali la fomu katika Kiswahili, wa pili alitie katika Kikamba, na wa tatu, asiyeiona fomu, alirudishe katika Kiingereza. Swali la yatima likipitishwa njia hiyo laweza kurudi likiwa linauliza kama mtoto ametupwa, na darasa litaona kwa macho yake mahali maana ilipopotea.

Tatu, ripoti ihifadhi maneno ya msemaji. Kabla ya ofisa kuandika hukumu yake mwenyewe kwamba mtoto ametelekezwa, aandike bibi alisema nini, kwa lugha aliyosemea. Kitenzi kutelekeza huchanganya mzazi aliyemwacha mtoto na mzazi aliyeshindwa kumtunza kwa sababu ya ukame na ukosefu wa kazi. Sheria haiwatendei sawa, na msomaji wa faili hana njia ya kuwatofautisha isipokuwa kwa maneno ya asili.

Nne, methali zitumike darasani, lakini zichunguzwe. Samaki mkunje angali mbichi ni hekima ya malezi. Hata hivyo humfanya mtoto kuwa kitu cha kukunjwa, na yaweza kutajwa kama hoja ya kutetea fimbo, ambayo kanuni za shule zilikwisha kuiondoa tangu mwaka 2001. Mwanafunzi asiidharau methali mbele ya wazee, wala asiifuate kwa upofu. Ajifunze kujibu methali kwa methali.

5. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maneno manne ya kawaida yanatosha kubadili hali ya mtoto katika faili. Haikukusudiwa kusema kwamba Kiswahili hakitoshi kubeba sera ya mtoto. Kinyume chake, karibu kila mgawanyo unaohitajiwa na sheria tayari una njia yake katika sarufi na msamiati wa lugha hii. Kinachopungua ni mazoea ya kuzitumia njia hizo kwa makusudi, na mazoea hayo huanza darasani.

Ofisa kijana akirudi kwa bibi yule siku nyingine, asimwulize kama wajukuu wake ni yatima. Aketi, aulize mama yao alifariki lini, na nani amewalea tangu siku hiyo. Bibi atajibu kweli ile ile aliyoijibu mara ya kwanza, lakini safari hii jibu lake litawaingiza watoto katika orodha, na heshima yake itabaki mahali pake.